Kilwa Kisiwani: Mji Usomwao Kinyume

Mtu aliyezoea hati za Kizungu akipewa chuo cha kale cha Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu, aghalabu hukifungua upande usio wake. Hukutana na ukurasa wa mwisho kwanza, akadhani kuwa ndio mwanzo. Jambo hilo ndilo limpatalo mgeni aendaye kuutazama mji wa Kilwa Kisiwani. Mashua humtua mahali ambapo habari za mji zilimalizikia, naye huhesabu kuwa ndipo zilipoanzia. Kwa miguu kosa hilo ni dogo, maana kisiwa si kikubwa na siku moja yatosha kuyaona magofu yake makuu. Kwa akili ni kosa kubwa, kwa sababu limewafanya watu wengi wawape sifa ya mji wale waliouteka, na kuwanyima wale walioujenga.

Safari yenyewe huanza Kilwa Masoko, makao ya wilaya, katika mkoa wa Lindi, pwani ya kusini ya Tanzania. Hapo mgeni hupanda chombo, akavuka mlango wa bahari usio mpana, na kabla hajakaa vema huiona mbele yake ngome kubwa imesimama ukingoni mwa maji. Ngome hiyo huitwa Gereza. Ina kuta nene, minara ya pembeni na mlango wa mbao wenye nakshi. Mgeni hushuka, huinua uso kuzitazama kuta, na mara huambiwa majina mawili: Wareno na Waarabu wa Omani. Wareno walijenga ngome mahali hapo mwaka 1505. Umbo lionekanalo leo zaidi ni la Waomani, waliolijenga upya baada ya karne tatu. Basi mgeni, kabla hajatembea hatua mia, amekwisha fundishwa kuwa mji huu ni kazi ya watu waliokuja na mizinga. Hakika Gereza ni miongoni mwa majengo ya mwisho mwisho ya Kilwa. Lilipokuwa likijengwa kwa mara ya kwanza, mji ulikuwa na umri wa karne saba.

Apendaye kuijua Kilwa kwa taratibu yake hana budi kuliacha Gereza nyuma, akaenda penye ardhi iliyofukuliwa. Kati ya mwaka 1958 na miaka ya kati ya 1960, mtaalamu wa mambo ya kale Neville Chittick alisimamia kazi ya kuchimba kisiwani, na mwaka 1974 alitoa kitabu kikubwa juu ya mambo aliyoyaona. Chini kabisa, chini ya kuta za mawe na chini ya vigae vya kaure ya Kichina, hapakuwa na kasri wala kuba. Palikuwa na kijiji. Watu wake walikaa pale tangu karne ya 9 au karibu na hapo, katika nyumba za miti na udongo. Walivua samaki, walifua chuma, walisugua vipande vya kombe wakafanya ushanga, na walifinyanga vyungu vya namna ileile iliyofinyangwa na jirani zao wa pwani na bara. Huo ndio ukurasa wa kwanza, na waliouandika hawakuacha jina hata moja.

Habari za Kilwa zilizoandikwa kwa Kiarabu karibu na mwaka 1520 zasimulia mwanzo kwa namna nyingine. Zasema kuwa Ali, mwana wa mfalme wa Shirazi katika nchi ya Uajemi, alifika na jahazi zake, akakinunua kisiwa kutoka kwa mfalme mwenyeji kwa nguo nyingi kiasi cha kukizunguka chote. Mwenyeji alipokea nguo akahamia bara, na moyoni alikusudia kurudi kukitwaa kisiwa kwa nguvu, kwa kuwa maji yalipokupwa watu waliweza kuvuka kwa miguu. Ndipo mlango ule ukafanywa kina, na njia ya kurudi ikakatika. Masimulizi hayo yamependwa sana, na wengi wameyachukua kuwa ushahidi kwamba Kilwa iliundwa na wageni. Lakini asomaye kwa utulivu huona kuwa masimulizi yenyewe yakataa neno hilo. Kitu hakinunuliwi ila kina mwenyewe. Kisiwa kilikuwa na mfalme, na mfalme hawi mfalme wa nchi tupu. Tena chuo hicho hicho chasema kuwa wageni walipofika walimkuta Mwislamu mmoja na jamaa zake, pamoja na msikiti. Yaani hata waliotaka kuusifu ukoo wa Shirazi hawakuthubutu kusema kuwa walikuta msitu.

Elimu ya siku hizi imezidi kulieleza jambo hili. Mwaka 2023 ulitolewa uchunguzi wa chembe za urithi zilizopatikana katika mifupa ya watu 80 wa zamani, waliozikwa katika miji kadha ya pwani, Kilwa na Songo Mnara ikiwa miongoni mwake, na katika mji mmoja wa bara. Ilionekana kuwa wengi wa watu wa pwani walikuwa na damu ya pande mbili. Sehemu kubwa ilitoka Afrika, na zaidi kwa upande wa akina mama. Sehemu nyingine ilitoka Asia, na hiyo aghalabu kwa wanaume wenye asili ya Uajemi. Kuchanganyika huko kulianza karibu na mwaka 1000. Basi aliyekana kabisa kuwa Waajemi walifika amekosea, na aliyesema kuwa wao ndio walioleta kila kitu amekosea zaidi. Wageni walikuja, wakaoa, na watoto wao wakalelewa katika lugha ya mama zao. Kiswahili, ambacho ni lugha ya Kibantu iliyopokea maneno mengi ya ng'ambo bila kuuacha muundo wake, ni shahidi wa mambo hayo kuliko ukuta wowote.

Swali lifuatalo ni kwa nini kijiji hicho, na si kingine, kiligeuka mji mkuu wa pwani. Jibu la kwanza ni pepo. Kaskazi ilileta vyombo kutoka Uarabuni na Bara Hindi, na Kusi ikavirudisha. Nahodha aliyechelewa kusini alipitwa na upepo wake, akangoja mwaka mwingine. Kilwa ilikuwa karibu na mwisho wa masafa ambayo chombo kiliweza kwenda na kurudi pasipo kupotewa na majira. Jibu la pili ni dhahabu. Mbele ya Kilwa, kusini, palikuwa na bandari ya Sofala, ambako dhahabu ya nyanda za juu za Zimbabwe ilishukia baharini. Wakuu wa Kilwa walipoishika biashara ya Sofala waliifanya bandari yao kuwa kituo cha kati: dhahabu na pembe zilipanda kwenda kaskazini, nguo, ushanga na kaure zikashuka kwenda kusini, na kila mzigo ulipopita uliacha ushuru.

Mji ulipiga sarafu zake wenyewe za shaba. Upande mmoja uliandikwa jina la sultani, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, yakapangwa hata pande mbili zikapatana kwa vina. Sarafu ya Kilwa imepatikana katika magofu ya Zimbabwe Kuu, na nyingine tano ziliokotwa mwaka 1944 katika kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa Australia. Mtu asifanye haraka kusema kuwa mabaharia wa Kilwa walifika huko, kwani sarafu husafiri katika mikono mingi. Lakini si neno dogo kwamba mji wa pwani hii uliweka vina katika fedha ya sokoni, ambayo muuza samaki na tajiri wa dhahabu waliishika sawasawa.

Baada ya kuyajua hayo, mgeni aweza sasa kuuendea Msikiti Mkuu akauona kwa haki yake. Sehemu yake ya kaskazini ndiyo ya kale, na asili yake ni karne ya 11 au ya 12. Sehemu kubwa ya kusini, yenye makuba na matao, iliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14. Jiwe lake ni tumbawe. Tumbawe likitolewa baharini likiwa bichi huwa laini, hukatwa na kuchongwa kwa wepesi; likianikwa hewani hukauka likawa gumu. Matumbawe mengine yalipangwa juu ya magogo yakachomwa, yakawa chokaa. Boriti zilitoka katika mikoko iliyomea kandokando ya kisiwa. Wahenga walinena: usione vyaelea, vimeundwa. Neno hilo lilisemwa kwa vyombo vya baharini, lakini lafaa kusemwa chini ya makuba ya Kilwa. Kila kuba ni jumla ya wapiga mbizi, wakata miti, wachoma chokaa, wachukuzi wa mawe na maji, na mafundi waliojua uzito utakaobebwa na tao kabla halijafungwa.

Tena makuba hayo yaliwahi kuanguka. Msikiti ulibomoka kwa sehemu kubwa, na haukujengwa upya ila katika karne ya 15. Mgeni aonaye nguzo zilizosimama leo haoni kazi ya mfalme mmoja wala ya kizazi kimoja. Aona kazi iliyofanywa, ikaharibika, ikarudiwa na wajukuu. Labda hiyo ndiyo sababu msikiti huo ungali na umbo ambalo jicho lalitambua, hali nyumba nyingi zilizokuwa za fahari kuliko huo zimebaki misingi.

Nyumba ya fahari kupita zote ni Husuni Kubwa, iliyojengwa juu ya jabali mashariki ya mji. Ilikuwa na vyumba zaidi ya mia moja, nyua, ngazi, ghala za bidhaa, na birika la kuogea lenye pembe nane, ambalo hata sasa humsimamisha kila atembeaye huko. Maandishi yaliyopatikana hapo yamtaja Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 14, zama ambazo dhahabu ya Sofala ilikuwa imejaa. Lakini nyumba hiyo kubwa haikumalizika kujengwa, na haikukaliwa muda mrefu. Utajiri uliweza kuianzisha, haukuweza kuidumisha.

Sultani huyo alipata bahati ambayo wafalme wengi wa pwani hawakuipata: alitembelewa na mtu aliyejua kuandika. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta, mwenyeji wa Tanja katika nchi ya Moroko, alifika Kilwa kutoka Mombasa. Aliusifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri kwa majengo, akasema kuwa umejengwa kwa miti. Wachimbaji wameona kuwa nyumba za mawe na za miti zilikuwako pamoja, na bila shaka za miti zilikuwa nyingi zaidi, kwa maana ndizo za watu wengi. Tena alimsifu Sultani kwa ukarimu, kwani watu walimwita baba wa vipawa. Alisimulia kuwa fakiri mmoja kutoka Yemen alimwomba Sultani nguo alizokuwa amezivaa, naye akamvulia palepale.

Kisa hiki hupendwa na wasimulizi, nao aghalabu hukomea hapo. Lakini msafiri hakukomea hapo. Aliendelea kueleza kuwa nguo zile zilikombolewa, na fakiri akapewa watumwa kumi badala yake. Kisha Sultani, aliposikia jinsi watu walivyomshukuru, akaamuru aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe. Mahali pengine alieleza kuwa Sultani alikuwa akienda vitani katika nchi ya Wazanji, akarudi na nyara. Basi baba wa vipawa alitoa watu kuwa vipawa. Watu hao ishirini walikuwa na majina, na mama zao huko walikotoka waliwalilia. Katika kitabu wamepata hesabu tu, na hesabu yao yaandamana na mizigo ya pembe. Asifaye birika la pembe nane asiwasahau, kwa kuwa huenda wenziwao ndio waliolichukulia maji.

Karibu karne mbili baada ya msafiri huyo walifika wageni wa namna nyingine. Mwaka 1500 merikebu za Pedro Álvares Cabral zilitia nanga Kilwa. Mwaka 1502 alifika Vasco da Gama na mizinga, akamlazimisha Amiri Ibrahim, aliyeshika mamlaka ya mji, kukubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kutoa dhahabu mithkali 1,500. Mwezi wa Julai 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji, askari wake wakauteka nyara, na ngome ikajengwa ufukoni. Mwaka 1512 Wareno waliiacha Kilwa. Walikaa miaka saba tu, lakini walikuwa wamekwisha uvunja ule uzi uliofunga Kilwa na Sofala, nao ndio uliokuwa uhai wa mji.

Dhahabu ile ya mwaka 1502 haikupotea. Mfalme Manuel wa Ureno aliamuru iyeyushwe, na mwaka 1506 ikawa chombo kitakatifu cha kanisa chenye nakshi nyembamba kupita kiasi, kiitwacho Custódia de Belém. Kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Lisbon, na watu husafiri kutoka mbali kwenda kukistaajabia. Hivyo atakaye kuona mali ya Kilwa kwa macho yake hana budi kufanya safari mbili: moja ya kuona mji usio na dhahabu, na nyingine ya kuona dhahabu isiyo na mji.

Baada ya hapo Kilwa iliishi, lakini iliishi kwa vipindi. Karibu na mwaka 1587 Wazimba waliotoka kusini waliuvamia mji, na mtawa Mreno João dos Santos aliandika kuwa waliouawa walizidi 3,000. Katika karne ya 18 mji ulipata nguvu tena, na masultani wakajenga kasri la Makutani, ambalo kuta zake ndefu zingali zasimama. Swali ni nguvu hizo zilitoka wapi. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifanya mapatano na Sultani wa Kilwa ya kupewa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa kazi ya mashamba ya visiwa vya Bahari ya Hindi ambavyo leo huitwa Morisi na Reunion. Bei ya kila mtu iliandikwa. Kilichokuwa kipawa katika zama za al-Hasan kikawa bidhaa yenye mkataba. Baadaye Waomani walishika mji na kulijenga upya Gereza, biashara ikahamia Kilwa Kivinje upande wa bara, na huko misafara kutoka nchi za Ziwa Nyasa ilishusha watu kwa maelfu mpaka Sultani Barghash wa Unguja alipoipiga marufuku biashara ya watumwa baharini mwaka 1873. Kisiwani palibaki wavuvi, wakulima na magofu.

Hapo mgeni amekwisha rudi Gereza, mahali alipotua asubuhi. Ngome ni ileile na mlango ni uleule, lakini maana yake imegeuka. Asubuhi aliliona jengo hilo kuwa mwanzo wa mji. Jioni aliona kuwa muhuri uliopigwa mwishoni mwa waraka. Aliyefuata njia ya wakati, kutoka vibanda vya udongo hata mizinga, haambiwi tena na mtu kuwa pwani hii ilipokea kila kitu kutoka nje. Wala hawezi tena kusema kuwa kila kilichojengwa na wenyeji kilikuwa chema. Mambo hayo mawili yapasa kubebwa pamoja. Mwenye kulishika la kwanza peke yake hujivuna, na mwenye kulishika la pili peke yake hujidharau. Wala kujivuna wala kujidharau si elimu.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yalitiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa mawimbi yalikuwa yakila ufuko na kuta zikidondoka, nayo yalitolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuyatengeneza. Bahari haijaacha kazi yake. Panapokatwa mikoko, ile iliyowapa wajenzi boriti, wimbi hupata njia ya kufikia jiwe. Wanakijiji waishio kati ya magofu ndio waonao kwanza ukuta ulioanza kuinama, na hakuna ulinzi utakaofaa usiowashirikisha.

Lakini liko gofu moja ambalo bahari haiwezi kulibomoa, kwa sababu halikujengwa kamwe. Msikiti una nguzo zake, sultani ana jina lake katika jiwe na katika shaba, na dhahabu ina kioo chake huko Lisbon. Waliouzwa kwa Morice hawana hata kaburi la kuonyeshwa mgeni. Kumbukumbu yao haina pa kukaa ila katika kusoma na kufundisha. Kwa hiyo mwanafunzi aendaye Kilwa na akarudi na picha za makuba tu, amerudi na nusu ya safari. Nusu ya pili ni kuketi kidogo ufukoni, kabla mashua haijaja kumchukua, akautazama ule mlango wa bahari, akakumbuka kuwa njia hiyo iliyoleta nguo na kaure ndiyo hiyo hiyo iliyopeleka watu, wala maji hayakubakiza alama.